Jagi kuukuu la Kiingereza: anza na kitako

1. Lipindue. Kabla hujachanganyikiwa na maua au meli zilizochorwa tumboni, tazama kitako. Libebe kwa mikono miwili, usilinyanyue kwa kishikio. Mimi la kwanza nililinunua mnadani Jumapili, nikalitumbukiza kwenye maji ya moto, kishikio kikabaki mkononi na jagi likabaki ndani ya beseni. Kumbe ni gundi!

2. Soma chapa. Neno "England" kwa kawaida ni la kuanzia 1891, Marekani ilipodai bidhaa za nje zitaje nchi zilikotoka. "Made in England" karibu kila mara ni karne ya 20, hata muuzaji akiapa. Ukikuta alama yenye umbo la almasi na IV kileleni (namba ya kundi la vyombo vya udongo), umepata muundo uliosajiliwa kati ya 1842 na 1883. Hadi 1867 herufi inayoonyesha mwaka ilikaa juu, chini ya hiyo IV. Kuanzia 1868 ikahamia kulia. Hiyo ni tarehe ya kusajili muundo, jagi lenyewe laweza kuwa la baadaye. Kitako kitupu kisikukimbize: majagi mengi ya Staffordshire na Sunderland, sehemu za Uingereza zilizosifika kwa ufinyanzi, hayana chapa.

3. Tafuta maungio ya picha. Hapa ndipo ninapokawia. Bamba la shaba lilichongwa, likapakwa wino, picha ikahamia kwenye karatasi nyembamba, na karatasi ikabandikwa kwenye jagi. Sasa karatasi ni bapa na tumbo ni duara, kwa hiyo karibu na kishikio utaona jani limekatwa nusu, au pambo la ukingoni halikutani. Uzembe huo naupenda kuliko picha yenyewe. Kwa lenzi utaona mistari ya kuchongwa. Ukiona nukta zilizopangwa kama za picha ya gazeti, hicho ni cha juzi.

4. Gonga kwa kucha. Lenye ufa hutoa sauti butu. Kisha pitisha kidole kwenye mdomo wa jagi, ndipo panapomeguka kwanza. Palipozibwa na kupakwa rangi huwa laini, hapana ule ubaridi wa kioo.

5. Osha kwa maji ya uvuguvugu na kitambaa. Dawa ya kung'arishia nguo, marufuku. Rangi ya waridi inayometameta ya majagi ya Sunderland imetokana na dhahabu, tena ni utando mwembamba mno, ukisugua unaufuta. Usinywee humo, ving'arisho vya zamani, ule utando wa kioo juu ya udongo, vilitiwa madini ya risasi yenye sumu. Ukitaka kuweka maua, tumbukiza glasi ndani kwanza.