Somo: Remorki ya umbo la kijeshi kwa sanduku la faibaglasi, Lubumbashi

Remorki (trela) ninayofundisha hapa ni ile ndogo ya magurudumu mawili, sanduku la mraba lenye madigadi bapa pembeni, ambayo jeshi la Marekani liliifunga nyuma ya Jeep. Bantam T3 ilitumika Vita Kuu ya Pili, na katika miaka ya 1960 ikaja M416 ya kuvutwa na gari dogo la jeshi la M151. Zote ziliitwa za robo tani: pauni 500 za mzigo nje ya barabara, yaani kama kilo 227. Ni fupi na nyembamba, kwa hiyo hupita panapopita gari lenyewe.

Siku hizi umbo hilo huuzwa kwa vipande vya faibaglasi: mbavu mbili, uso, mgongo na madigadi. Mara nyingi unapata sanduku tu. Fremu unatengeneza mwenyewe. Kwetu hilo si tatizo, maana mji huu umeishi na migodi zaidi ya miaka mia moja na mafundi wa kuchomelea wako kila mtaa, kuanzia komuni zetu za Kenya na Katuba hadi Ruashi.

Kabla ya kununua hata bolti moja, elewa hili: faibaglasi ni ngozi, chuma ndicho mifupa. Nguvu yoyote, iwe ya kuvuta, ya springi, ya kamba za mzigo, ya jeki au ya gurudumu la akiba, lazima iishie kwenye chuma. Ukifunga kamba kwenye ukingo wa sanduku, njia za udongo za kuelekea Pweto zitaupasua. Hatua zote zinazofuata zinatoka hapo.

Hatua ya 1: Pima gari lako

Chagua ekseli inayopokea magurudumu ya gari litakaloivuta. Hilux nyingi za 4x4 na Land Cruiser 70 za zamani zina bolti sita kwenye duara la milimita 139.7, Land Cruiser 70 za kuanzia 1999 zina tano kwenye milimita 150. Usikisie, pima. Magurudumu yakifanana, gurudumu moja la akiba linatosha kwa vyote viwili. Umbali kati ya magurudumu nao ufanane na wa gari, ili remorki ifuate nyayo zilezile kwenye matope. Ikiwa pana zaidi, gurudumu moja litapanda ukingo wa mfereji na remorki itaenda imeinama safari nzima.

Hatua ya 2: Fremu

Hapa ndipo kazi ilipo, usiharakishe. Tumia bomba la mraba la milimita 50 kwa 50, unene wa milimita 3. Lipange kwenye sakafu iliyonyooka, lichomelee kwa nukta tu kwenye kona, kisha pima kutoka kona hadi kona, mshazari wa kwanza na wa pili. Vipimo viwili visipolingana fremu imepinda, na bolti za sanduku hazitaingia. Sukuma, pima tena. Vikilingana, maliza kuchomelea ukiruka kutoka kona moja hadi ile ya mkabala, usiende mfululizo upande mmoja, maana joto huvuta chuma.

Mkono wa kuvutia uwe wa chuma kinene zaidi, milimita 5, nao usiishie mbele ya fremu. Upitishe chini ya boriti ya mbele hadi ufike boriti ya pili, karibu na ekseli. Mikono ya remorki hukatikia mahali pamoja: pale inapokutana na boriti ya mbele. Kwa hiyo pale usichomelee mstari wa kukata mkono kwa upana wake. Chomelea kandokando, kufuata urefu. Ukimwona fundi anazungushia mkono mshono mzima kama bangili, msimamishe.

Hatua ya 3: Mahali pa ekseli

Weka ekseli nyuma kidogo ya katikati ya sanduku. Kwa sanduku la mita 1.8, anza na sentimita 8 hadi 10. Mabano ya springi yashikwe kwa nukta kwanza. Pakia mzigo wa majaribio, weka ncha ya mkono juu ya mizani ya bafuni, usome. Inatakiwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote: remorki yenye kilo 500 pamoja na mzigo iguse mizani kwa kilo 50 hadi 75. Ikiwa nyepesi kuliko hapo, itayumba nyuma ya gari ukishika mwendo kwenye lami ya Likasi. Sogeza ekseli, pima tena, ndipo uchomelee moja kwa moja.

Hatua ya 4: Kuunga sanduku

Vaa barakoa na mikono mirefu. Vumbi la faibaglasi huwasha, na ukilioga uanze na maji baridi. Bandika utepe wa karatasi pale utakapotoboa, tumia ncha kali, usikandamize. Kati ya vipande weka gundi ya poliuretani, ileile ya vioo vya magari, halafu bolti zisizoshika kutu na washa pana pande zote mbili. Kaza mpaka uone gundi inachungulia pembeni, kisha acha. Ukiendelea utasikia mlio mdogo mkavu: nyuzi zimevunjika ndani, hata kama rangi ya juu bado nzima.

Sakafu iwe ya plaiwudi nene, kingo zake zipakwe rezini. Kati ya sanduku na fremu weka vipande vya mpira wa mkanda wa kubebea mawe migodini. Pete za kufungia kamba zipenye sakafu zifike kwenye fremu.

Hatua ya 5: Taa na rangi

Waya wa hasi uende hadi kwenye gari, usitegemee kiungo cha kuvutia kupitisha umeme. Taa, vioo vyekundu vya nyuma vya kurudisha mwanga, rangi, basi.

Maswali niliyoulizwa

*Yaya, mimi niko Kipushi. Bati la chuma halitoshi?*

Linatosha, ndugu yangu, ila pima uzito. Bati la milimita 2 lina karibu kilo 16 kwa mita ya mraba. Faibaglasi ya milimita 4 ina kama kilo 6. Tofauti hiyo ni unga ambao ungebeba.

*Ninataka kuipaka kijani cha jeshi ifanane na ya kweli. Kuna shida?*

Acha kabisa. Katika nchi hii rangi ya jeshi ni ya jeshi, na kwenye kizuizi hakuna atakayesikiliza habari za M416. Nyeupe au rangi ya mchanga inapendeza, na haipati joto sana juani.

*Mimi ni mama mfanyabiashara, naleta samaki kutoka Kasenga. Itafaa?*

Ndiyo, mama. Faibaglasi inaoshwa ikasafishika, na chumvi haiili. Lakini maji ya samaki yakidondokea fremu yanaila, kwa hiyo weka tundu la kutolea maji lenye bomba linaloshuka chini ya chuma. Barafu nayo ihesabiwe kwenye kilo.

*Nilirekebisha ufa mwezi wa sita, rezini ikabaki inanata. Dawa ya kugandisha niliongeza, bado.*

Usiongeze, papa. Dawa hiyo ni asilimia 1 hadi 2 tu. Mwezi wa sita na wa saba asubuhi zetu ni za baridi, na chini ya nyuzi 15 rezini haigandi vizuri: fanya kazi saa sita mchana, au pasha chumba joto bila moto wa wazi. Pia rezini nyingine hubaki na unato juu kwa sababu inagusa hewa. Tabaka la mwisho lifunike kwa plastiki. Na kama unaongeza ile dawa ya kuharakisha, ya zambarau, iliyotengenezwa kwa kobalti hiihii inayochimbwa kwetu, ikoroge kwanza ndani ya rezini, ndipo baadaye utie ya kugandisha. Dawa hizo mbili zikikutana zenyewe kwa zenyewe hulipuka. Vaa miwani, kwa maana tone moja la kugandisha linaweza kupofusha jicho.