Minyoo kwa watoto wa plot: anza na maji yanayotiririka

Dawa ya minyoo hutoa minyoo iliyomo tumboni leo. Haizuii mayai ambayo mtoto atayameza kesho akitoka kucheza kando ya mtaro. Kwa familia za Mathare au Mukuru zinazotumia choo kimoja na majirani, anza na mikono.

Hatua ya 1: kibuyu chirizi. Chukua mtungi wa mafuta ya kupikia wa lita 5, uoshe kwa sabuni. Pasha moto msumari mwembamba ukiushika kwa koleo, kisha toboa tundu moja ubavuni, vidole viwili juu ya kitako, ili uchafu unaotuama chini usilizibe. Kifuniko kikikazwa, hewa haiingii na maji husimama, kikilegezwa, hutiririka. Yakiendelea kuvuja, tundu ni pana mno au kifuniko hakikazi: tafuta mtungi mwingine. Utundike karibu na choo, usawa wa kifua cha mtoto. Ukiuweka ndani ya nyumba, atashika mlango kabla ya kunawa. Kipande cha sabuni kitie kwenye wavu wa vitunguu na ukifunge hapo hapo. Maji yanayodondokea kwenye karai yamwage chooni.

Hatua ya 2: kunawa. Lowesha mikono, kaza kifuniko, paka sabuni, sugua sekunde 20: viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, na ncha za kucha zikikwaruzwa kiganjani, kisha legeza kifuniko usuuze. Usiharakishe hapa. Yai la mnyoo wa mviringo lina ganda gumu linalonata. Sanitaiza hailiui, wala klorini ya kutibu maji ya kunywa. Kinacholiondoa ni msuguano na maji yanayokwenda. Beseni moja la watoto wote huhamisha mayai kutoka mkono hadi mkono.

Mzazi naye anawe kila anapomtawaza mtoto. Kinyesi kitupwe chooni, hata cha mtoto mchanga, kwa kuwa mayai hukomaa udongoni baada ya wiki mbili au tatu na huweza kuishi humo miaka.

Hatua ya 3: kata kucha kila Jumapili; mvalishe viatu, maana minyoo ya safura hupenya ngozi ya mguu. Sukuma wiki ikiiva vizuri haina neno. Hatari ni kachumbari: osha nyanya na dhania moja moja.

Hatua ya 4: dawa. Albendazoli miligramu 400, dozi moja tu, kwa mtoto wa miaka 2 na zaidi. Wa miezi 12 hadi 23, miligramu 200. Isage kwa mdogo, umpe na maji. Usimbane pua wala kumlazimisha akilia, atapaliwa. Rudia baada ya miezi sita.

Akijikuna makalio usiku, huenda ni minyoo uzi. Mayai yake huanza kuambukiza ndani ya saa chache, kwa hiyo nyumba nzima imeze dawa siku ile ile na kurudia baada ya wiki mbili. Mwogeshe asubuhi, badilisha chupi na shuka. Tumbo likivimba, akitapika na asipate choo, usimpe dawa nyingine: mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, matumbo yanaweza kuwa yamezibwa na minyoo.