Namna ya Kumsafirisha Mwanasesere Kutoka Kigoma kwa Mikono ya Marafiki

Mwanasesere wetu, samaki aina ya mgebuka aliyeshonwa kwa kitenge, ana urefu wa sentimita 14, uzito usiofika gramu 60, na jicho moja lililoshonwa juu kuliko jingine, kosa la fundi ambalo sasa ndilo linalomtambulisha. Amekwisha kuvuka Ziwa Tanganyika mara mbili, amelala Kalemie, upande wa Kongo, wiki tatu kwa sababu mwenyeji wake aliugua, na amepigwa picha Lusaka, Muscat na Guangzhou akiwa na watu ambao wengi wao sijawahi kuonana nao. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kumwandaa na kumsafirisha mwanasesere wa namna hiyo, kwa ajili ya mtu ambaye hana nauli ya kuzunguka dunia lakini ana marafiki, na marafiki hao nao wana wenzao.

Kazi inaanza na watu. Kabla ya kununua kitambaa, chukua karatasi uandike majina ya watu unaojua watasafiri katika miezi michache ijayo: mwanafunzi anayerudi chuoni, mfanyabiashara wa dagaa anayekwenda Lubumbashi, dereva wa lori, shangazi anayekwenda Oman kumwona binti yake. Mbele ya kila jina andika nani atakayempokea mwanasesere huko anakokwenda. Mahali ambapo huna jina la kuandika, hapo ndipo mwanasesere atakapopotea, na ni afadhali kulijua jambo hilo ukiwa bado una karatasi tu mkononi.

Nayasema haya kwa sababu mwanasesere wetu wa kwanza, sokwe mdogo wa kitambaa, alipotea kabla hata hajatoka Tanzania. Rafiki aliyeondoka naye Kigoma alimkabidhi mtu mwingine katika kituo cha mabasi kwa maelezo kwamba “atamfikisha huko mbele”, na huyo wa pili hakuwa na namba yangu wala hakujua kitu kile ni cha nini. Sikumlaumu yeyote, kwa kuwa mimi mwenyewe nilikuwa sijamweleza yeyote. Tangu siku hiyo tuna sharti moja lisilolegezwa: mchukuzi hamkabidhi mwanasesere kwa mtu ambaye bado hajakubali, kwa kinywa chake au kwa ujumbe wake mwenyewe, kumpokea, kumpiga picha, kuandika katika daftari na kumpeleka kwa anayefuata kabla ya siku iliyopangwa. Anayejibu kwamba atajaribu, mshukuru, kisha mtafute mwingine.

Kwa safari ya majaribio inatosha kumpeleka Tabora kwa treni, mwendo wa takriban kilomita 400 katika reli ya kati iliyofika Kigoma mwaka 1914, na kumrudisha kwa mkono wa mtu mwingine. Safari hiyo fupi itakuonyesha kama lebo inasomeka, kama mishono inashika, na kama marafiki zako kweli huandika. Baada ya hapo, ushauri wangu kwa mtu wa Kigoma ni kwamba asikimbilie Ulaya. Ziwa Tanganyika limepakana na nchi nne, yaani Tanzania, Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Zambia, kwa hiyo mwanasesere anaweza kuanzia Kigoma, akaenda Bujumbura, akavuka hadi Uvira, akateremka Kalemie na kufika Mpulungu kwa njia ya watu ambao tayari wana biashara na ndugu wa ng’ambo. Kiswahili kitamfikisha sehemu kubwa ya njia hiyo, jambo ambalo huwezi kulisema kuhusu njia ya kwenda Paris.

Sasa mwanasesere mwenyewe. Mchague au mshone awe wa kuenea kiganjani, kwa sababu kitu kisichoingia katika mfuko wa koti huachwa nyumbani siku ambayo mandhari ni nzuri kuliko zote. Awe na sura inayoeleza anakotoka bila maelezo marefu, na ndiyo maana sisi tulimchagua mgebuka, samaki ambaye kila aliyewahi kula Kigoma atamkumbuka. Fua kitenge kabla ya kukikata, maana rangi ikichuja wakati wa mvua za Machi itaharibu daftari na nguo za mchukuzi pamoja. Macho yadariziwe kwa uzi, kwa kuwa kifungo hung’oka na mtoto mdogo anaweza kukimeza.

Ndani yake jaza nyuzi za plastiki au vipande vya sponji kutoka kwa fundi wa makochi. Watu wengi wa kwetu wangejaza sufi, pumba za mpunga au mbegu, na nyumbani hakuna ubaya wowote, lakini nchi kama Australia na New Zealand ni kali mno kuhusu mbegu, majani makavu, manyoya na udongo unaoingia kutoka nje, na mwanasesere mwenye pumba tumboni anaweza kuchomwa moto pale forodhani. Kwa sababu hiyo hiyo asivishwe ushanga wa mbegu, kombe la ziwani, wala kipande cha ngozi ya mnyama wa porini. Asiwekewe betri wala kitu kinacholia. Wapo wanaopenda kumshonea kifaa cha kuonyesha alipo, na mimi siafiki, kwa kuwa kifaa hicho huonyesha pia nyumba ya kila mtu aliyempokea.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni kumwachia mlango. Acha sentimita tatu za mshono wa tumboni, zifungwe kwa vishikizo au zipu fupi, ili askari wa forodha akitaka kuona ndani aone bila kuchana. Mdoli ulioshonwa kabisa na kubebwa na mtu asiyeujua vizuri humtia shaka afisa yeyote anayefanya kazi yake, na shaka hiyo ni ya haki, kwa sababu dawa za kulevya zimewahi kufichwa katika vitu vya kuchezea. Mchukuzi naye ana haki ya kumminya, kumfungua na kumkagua kabla ya kukubali kumbeba. Mhimize afanye hivyo mbele yako, na wewe mwenyewe usibebe wa mwenzio bila kuukagua, hata kama mwenzio huyo mmesoma naye tangu darasa la kwanza.

Kuhusu lebo, wenyeji wa Kigoma tuna mfano mkubwa mbele ya macho yetu. Meli ya MV Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikapakiwa katika maelfu ya makasha, ikaletwa hadi hapa kwa bahari na reli, kisha ikaungwa upya na kushushwa majini mwaka 1915. Hebu fikiria kasha moja tu lingekosa alama. Lebo ya mwanasesere iwe ya kitambaa, ishonwe mgongoni kwa uzi wa nailoni, na iandikwe kwa wino usiofutika: jina lake, neno “Kigoma, Tanzania”, anwani yenye sanduku la posta, na namba ya simu inayoanza na +255. Usiandike jina lako kamili wala mtaa unaokaa. Nakala ya maneno hayo iwekwe tumboni, kwa sababu lebo ya nje huchakaa.

Mwanasesere asafiri na daftari dogo lenye jalada gumu, katika mfuko mmoja wa turubai. Ukurasa wa kwanza una maelezo yake mafupi kwa Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza: yeye ni nani, anatoka wapi, anaomba nini kwa mwenyeji, na anatakiwa kurudi Kigoma lini. Kurasa nyingine ziache wazi. Nilipokuwa nimechora safu za tarehe, mahali na hali ya hewa, wenyeji walijaza safu hizo na kunyamaza. Nilipoziondoa, mama mmoja wa Kalemie aliandika kurasa mbili nzima akieleza namna wanavyokausha samaki kwao na kwa nini anaamini mgebuka wa upande wao ni mtamu kuliko wa kwetu, dai ambalo sijalikubali. Mwombe kila mchukuzi apige picha ukurasa alioujaza na kuituma siku hiyo hiyo kwa WhatsApp, kwani daftari likizama, maneno yatabaki.

Mkono wa mtu ni bora kuliko posta, lakini zipo hatua ambazo hazina mtu. Hapo tumia kifurushi kidogo, ambacho katika utaratibu wa kimataifa wa posta hakizidi kilo 2, na mwanasesere pamoja na daftari lake hawafikii hata robo ya uzito huo. Utajaza fomu ya forodha, kwa kawaida ile ya CN 22 inayotumika kwa vitu vya thamani ndogo. Andika yaliyomo kwa Kiingereza au Kifaransa, kwa maneno ya wazi kama “mwanasesere wa kitambaa na daftari”, na weka thamani ndogo ya kweli, kwa kuwa sifuri huwafanya maafisa waulize maswali. Andika pia anwani ya kurudishia kifurushi. Lipia huduma yenye namba ya ufuatiliaji, utunze risiti, na umwulize mhudumu wa dirishani kama nchi unayotuma ina masharti mapya, maana masharti ya forodha hubadilika bila kupiga hodi.

Picha ndizo zinazowafanya wenyeji wapende kazi hii, na ndizo zinazoleta matatizo. Mwombe kila mmoja apige angalau mbili: moja ya mahali panapojulikana, na nyingine ya jambo la kawaida kabisa la nyumbani kwake, kama vile meza ya chakula au kibaraza wanapokaa jioni. Hii ya pili ndiyo watu hurudia kuitazama. Nyuso za watoto zisipigwe bila ruhusa ya wazazi, na picha itumwe hadharani baada ya mwenyeji kuondoka mahali hapo. Katika bandari, stesheni, madaraja, viwanja vya ndege na karibu na kambi za jeshi, mchukuzi aombe ruhusa kwanza. Kumweleza askari kwamba unampiga picha samaki wa kitambaa ni mazungumzo marefu kuliko unavyodhani.

Lipo pia jambo letu wenyewe. Usimlaze mwanasesere njiani, mlangoni kwa mtu au chini ya mti ili upate picha nzuri ukiwa mbali. Siku moja pale Ujiji nilimwegemeza mgebuka kwenye jiwe, nikarudi nyuma hatua kumi, na bibi mmoja aliyekuwa akipita akasimama na kuuliza, “Mwanangu, hiki mmetumwa na mganga gani?” Nilimwamkia, nikamweleza, nikamwonyesha daftari, naye mwishowe alikubali kumshika na kupigwa naye picha. Mwanasesere akae mkononi mwa mtu muda wote, na maswali kama hayo yatapungua.

Mwenyeji akitaka kumpeleka hifadhi ya sokwe ya Gombe, kwa boti kutoka Kibirizi, mweleze kwamba mwanasesere abaki ndani ya begi wakati sokwe wako karibu. Sokwe huambukizwa magonjwa ya njia ya hewa ya binadamu, na kitu kilichoshikwa na mikono ya watu wa nchi tano si cha kuwekwa kwenye majani wanayopita. Apigwe picha ufukweni. Panafaa kabisa, kwa kuwa Jane Goodall, mtafiti wa sokwe aliyefika Gombe Julai 1960, alikuwa na mwanasesere msafiri anayejulikana kuliko wote. Katika miaka ya 1990 Gary Haun, mwanamazingaombwe Mmarekani asiyeona, alimpa mdoli akidhani ni sokwe. Goodall alimshikisha mkia wa mdoli huyo, maana sokwe hawana mkia, na tangu hapo nyani huyo, aliyeitwa Mr. H, akaandamana naye katika mihadhara duniani kote na kushikwa na watu wasiohesabika. Kwa fundi wetu hapa Kigoma, funzo ni kwamba ukishona sokwe, usimwekee mkia.

Itafika siku ambapo mchukuzi atanyamaza. Mpe wiki mbili, kisha umtumie ujumbe wa kumjulia hali yeye na watu wake, bila kumtaja mwanasesere. Mara nyingi nyuma ya ukimya kuna msiba, ugonjwa au aibu ya mtu aliyechelewa, na swali la “yuko wapi?” huifanya aibu hiyo iwe kubwa zaidi. Katika ujumbe wa pili jitolee kulipia posta au kumtuma mtu amfuate. Ikipita miezi mitatu bila jibu, wajulishe waliokuwa wakimsubiri, mshone mwingine mwenye jina lingine, na uendelee na safari kutoka pale alipopotelea. Iwapo wa kwanza atajitokeza, nawe utakuwa na wawili.

Akirudi Kigoma, usimfue mara moja. Mpige picha alivyo, pamoja na madoa yake, kwa sababu mtu wa Kalemie atalitambua doa la mawese alilomwachia. Kisha mfue kwa sabuni ya mche, umwanike kivulini, ukague mishono na ubadilishe lebo. Daftari lipige picha ukurasa kwa ukurasa, na umtumie kila aliyeandika ndani yake nakala ya kurasa zote, ili aone waliomtangulia na waliomfuata, kabla hujaanza kuandika majina ya safari ya pili.