Jinsi ya kulinganisha gharama za maisha nchi mbili

Ukiambiwa mshahara kule ni mara tatu ya huku usikimbilie kuzidisha kwa reti ya leo ya kubadili hela, reti haikuambii hiyo hela inanunua nini, bora utumie PPP ya Benki ya Dunia (kipimo cha hela ya kila nchi inanunua kiasi gani kwao). Anza na kodi ya nyumba maana ndo inameza hela, alafu nauli, bima, ada za watoto, na chukua mshahara baada ya makato. Tovuti ya Numbeo inayolinganisha bei za miji pia inasaidia, pale New York ndo 100 kwa hiyo mji wenye 50 bei zake ni kama nusu, ila bei wanajaza watu wenyewe na indeksi ya kawaida haina kodi ya nyumba (wengi hawalioni hilo), tafuta ile yenye kodi. Na linganisha mji kwa mji, nchi nzima inadanganya.