Msimu wa Theluji Breckenridge: Namna ya Kuishi na Kufanya Kazi Milimani Colorado

Kila ifikapo Agosti, vijana wetu wa Aurora na Denver huanza kunipigia simu. Wanauliza kazi za kwenye skii zinapatikanaje, baridi inavumilika au haivumiliki, na kama kuna pesa ya maana. Nimefanya kazi misimu kadhaa katika Kaunti ya Summit, mwanzo kwenye lifti za viti zinazopandisha watu mlimani, baadaye usafi wa vyumba, na jibu langu halibadiliki: kazi ipo. Kinachowarudisha watu mjini kabla ya Krismasi ni mahali pa kulala na pumzi. Panga hayo mawili kwanza.

Kaunti yenyewe iko magharibi ya Denver, kwenye barabara kuu ya I-70, ukishavuka handaki la Eisenhower lililo karibu mita 3,400 juu ya usawa wa bahari. Kuna vituo vinne vya skii: Breckenridge, Keystone, Copper Mountain na Arapahoe Basin, ambacho wenyeji hukiita A-Basin. Wafanyakazi wengi hukaa Breckenridge, Frisco, Dillon au Silverthorne.

Kabla ya yote, vibali. Mwenye grini kadi, mkimbizi, au mwenye kadi halali ya ruhusa ya kazi, hana kizuizi. Mwanafunzi aliye nyumbani katika baadhi ya nchi za Afrika anaweza kuangalia mpango wa viza ya J-1 wa kufanya kazi wakati wa likizo ndefu ya chuo, na wapo waajiri wanaoomba viza ya H-2B, ya kazi za msimu, kwa niaba ya watu wao. Lakini wewe uliye chuoni Marekani kwa viza ya F-1, yaani ya masomo, usitoke nje ya chuo kwenda kufanya kazi bila idhini, hata kama rafiki yako anakwambia hakuna anayeuliza. Wanauliza. Ukianza kazi unajaza fomu I-9, ya kuthibitisha ruhusa yako ya kazi, na kuonyesha hati halisi, si picha ya kwenye simu. Aliyekuja kwa viza ya matembezi asijaribu kabisa. Atajifungia mlango wa miaka mingi.

Maombi yapeleke kuanzia Agosti hadi Oktoba. A-Basin na Keystone mara nyingi huwa vya kwanza kufungua, Oktoba au mapema Novemba, na Breckenridge hufuata Novemba. Kazi ni za kila aina: lifti, kukagua tiketi, duka la kukodisha vifaa, jikoni, kuosha vyombo, usafi wa vyumba, kulea watoto, kusukuma theluji usiku. Kima cha chini cha mshahara Colorado mwaka 2025 kilikuwa dola 14.81 kwa saa, na kampuni ya Vail Resorts, yenye Breckenridge na Keystone, ilitangaza mwaka 2022 kuwa mfanyakazi wake hataanzia chini ya dola 20. Hoteli na mikahawa midogo kila moja ina bei yake, na jikoni huwa unapata na chakula.

Kuna jambo la ovataimu ambalo wengi hulijua wakiwa wameshashika hundi. Sheria ya Colorado imewapa vituo vya skii msamaha: mtu wa lifti anaweza kuvuka saa 40 kwa wiki bila kulipwa mara moja na nusu ya malipo ya saa, ila akizidisha saa 12 kwa siku hapo lazima alipwe. Mfanyakazi wa malazi, yaani usafi wa vyumba na mapokezi, hayumo kwenye msamaha huo. Ndiyo sababu dola 20 za lifti na dola 19 za hotelini hazilinganishwi kwa kuangalia namba tu. Uliza pia saa ngapi kwa wiki wanakuhakikishia Novemba na Aprili, kwa sababu wiki ya Krismasi na ile ya sikukuu ya Presidents' Day mwezi Februari kila mtu ana saa za kutosha. Ni pembeni mwa msimu ndipo watu hukwama na kodi ya nyumba.

Sasa nyumba. Mimi nasema hivi: usichague kazi, chagua kitanda chenye kazi. Kazi yenye malipo pungufu kidogo lakini ina chumba cha kampuni inakuacha na pesa nyingi kuliko ile nono ya kujitafutia. Vyumba vya kampuni ni vya kushirikiana, wawili au zaidi, na kodi hukatwa moja kwa moja kwenye mshahara. Vinajaa mapema, kwa hiyo siku unayopewa ajira omba na chumba siku hiyohiyo, tena kwa maandishi. Soma mkataba: ukiacha kazi, una siku ngapi za kuondoka? Mara nyingi ni chache mno, na nje ni nyuzi 15 chini ya sifuri.

Ukikosa chumba cha kampuni, kuna wanaokaa mbali na kusafiri kila siku: Fairplay na Alma upande wa pili wa Hoosier Pass, Leadville ng'ambo ya Fremont Pass, au Kremmling kule chini kwenye Barabara ya 9. Kodi hupungua, lakini Hoosier Pass ni mita 3,517 na upepo wake hufuta barabara machoni. Binafsi singemshauri mtu aliyeanza kuendesha gari kwenye theluji mwaka huohuo akae Fairplay. Na usimtumie mtu amana ya nyumba uliyoiona kwenye picha tu. Panda Bustang, basi la kutoka Union Station ya Denver hadi Frisco, ukaione kwa macho, ugonge mlango, ufungue bomba la maji ya moto.

Nije kwenye pumzi, na hapa naomba unisome taratibu. Mimi ni mzaliwa wa Marangu. Mpandaji wa Kilimanjaro kwa njia yetu hulala usiku wa kwanza Mandara, mita 2,720, na wa pili Horombo, mita 3,720. Mji wa Breckenridge uko mita 2,926. Maana yake hapa unalala, unabeba magodoro na kupanda ngazi juu ya Mandara, kila siku, miezi mitano. Lifti ya Imperial Express inakushusha mita 3,914, juu ya Horombo. Wapagazi wa kwetu humwambia mgeni pole pole, na hapa neno hilo ndilo la kushika wiki ya kwanza. Ukitoka pwani au jimbo la chini, lala Denver usiku mmoja au miwili kwanza. Ukifika juu, kunywa maji mengi, acha pombe, usikimbilie kuteleza siku ya kwanza. Kichwa kuuma na usingizi kukatika ni kawaida, huisha baada ya siku chache. Kisicho kawaida ni kuhema ukiwa umekaa, kikohozi chenye majimaji, au kuchanganyikiwa. Hapo hakuna cha kusubiri asubuhi: nenda hospitali, ipo Frisco, wakupe oksijeni na kukuteremsha.

Na kuna hili la selimundu (sickle cell, ugonjwa wa damu wa kurithi), ambalo kwenye semina za wafanyakazi sijawahi kulisikia, nalo linatuhusu sisi kuliko wengine. Watu wengi wa kwetu wamebeba kinasaba kimoja cha selimundu bila kujua, kwa sababu hakiwasumbui chini bondeni. Kwenye hewa haba kinaweza kuumiza bandama. Dalili yake ni maumivu makali upande wa kushoto, chini ya mbavu, pengine na kutapika, tena kwa kijana mwenye afya kabisa. Pima damu kabla ya kupanda. Ukiwa nacho, zungumza na daktari kuhusu mwinuko, na ukishikwa na maumivu hayo mwambie daktari wa zamu moja kwa moja kwamba una kinasaba hicho, maana huenda asikifikirie. Mwenye ugonjwa wenyewe, ushauri wangu ni atafute kazi Denver.

Baridi ni rahisi kuliko watu wanavyodhani, ukivaa sawasawa. Ndani kabisa vaa fulana na suruali ya kubana, ya sufu laini au poliesta. Pamba hapana, ikishalowa jasho haikauki na inakugandisha. Juu yake sweta la manyoya, kisha koti lisilopitisha maji wala upepo. Usinunue vipya. Dillon na Breckenridge kuna maduka ya mitumba yaitwayo Summit Thrift & Treasure, ya shirika la FIRC, na matajiri wa hapa hutupa makoti ambayo hayajafika msimu wa pili. Pesa uliyookoa iweke kwenye buti na glavu, hizo ndizo za kununua nzuri. Shirika hilohilo lina soko la chakula na huwasaidia wafanyakazi waliobanwa na kodi, kwa hiyo jua ofisi yao ilipo hata kabla hujabanwa.

Paka mafuta ya mgando usoni, mikononi na ndani ya pua, kwa sababu hewa ni kavu na damu za pua ni za kila siku. Paka na losheni ya kukinga jua. Najua wengi wetu hatuna mazoea hayo, lakini juu hivi jua ni kali na theluji hulirudisha usoni kutokea chini. Nimeona ngozi nyeusi kama yangu ikibabuka puani na midomoni. Miwani usiivue, macho nayo huungua.

Kwa wanaoitaka lifti, siku inakwenda hivi. Unafika bado giza. Unakung'uta theluji na kukwangua barafu kwenye viti, kisha unachukua koleo na reki kupanga jukwaa la kupandia. Theluji ya pale lazima iwe kimo kamili: ikishuka, kiti kinafika juu mno na watoto hawakipati, ikipanda, kinawapiga watu nyuma ya magoti. Unairekebisha kutwa nzima, kwa sababu kila skii inayopita inaikwangua. Kwenye lifti za zamani unakidaka kila kiti kinapozunguka, unakivuta nyuma kidogo ili kimpokee mtu kwa upole, unakiachia, unadaka kingine. Macho kwenye foleni, mkono mwingine usiwe mbali na kitufe cha kusimamisha. Mtoto akining'inia vibaya, simamisha kwanza, mengine baadaye, hata foleni ikinung'unika. Miguu ndiyo huganda, basi simama juu ya mkeka wa mpira au kipande cha boksi, usisimame kwenye theluji tupu. Simu iweke mfuko wa ndani, karibu na mwili, la sivyo chaji inakwisha saa nne asubuhi.

Usafi wa vyumba unachosha mgongo lakini uko ndani, na Jumamosi wageni wanapobadilishana unaweza kuokota bakshishi nzuri. Kihispania kitakusaidia kuliko Kiingereza kizuri. Jifunze cha kazini. Utakutana pia na ndugu wa Senegali na Mauritania, wana miaka mingi hapa, na ndio wanaojua nani anatafuta mtu wa kushirikiana naye nyumba.

Chakula. Mwinuko huu maji huchemka kwenye nyuzi 90 hivi badala ya 100, na maharage hayaelewi habari hiyo: utachemsha jioni nzima, maganda yaive, ndani yabaki na kiini kigumu. Njoo na sufuria ya presha, ndiyo mali ya thamani kuliko zote katika sanduku lako. Loweka usiku, asubuhi bandika, dakika chache yamelainika. Wali uongezee maji na muda. Ugali nao uache kwenye moto mdogo zaidi ya ulivyozoea, la sivyo unga unabaki mbichi japo umeshikana. Unga wenyewe na dagaa nunua Aurora kabla ya kupanda. Mboga inayokaribia sukuma wiki utaipata kwenye maduka makubwa ya huku, City Market au Walmart ya Frisco.

Gari si lazima. Mabasi ya Summit Stage yanaunganisha miji yote na vituo vya skii, bure, na Breckenridge ina mabasi yake ya ndani ya bure pia. Uliza tu la mwisho linapita saa ngapi kama una shifti ya usiku. Ukija na gari, kumbuka sheria ya matairi kwenye I-70 kati ya Morrison na Dotsero, kuanzia Septemba 1 hadi Mei 31: matairi ya theluji au yanayofaa majira yote yenye alama ya M+S (matope na theluji), na meno yasiyopungua milimita 5 hivi, au uwe na minyororo. Usiegeshe barabarani usiku. Greda la theluji litapita, na gari utalikuta limevutwa.

Na teleza. Kampuni nyingi za skii hukupa pasi ya msimu bure na masomo ya bure au ya bei ndogo, na ni uonevu kwa nafsi kukaa miezi mitano chini ya mlima huo bila kuujua. Chukua mwalimu, anzia kwenye mkanda unaopandisha watoto na wanaoanza, bila haya, vaa kofia ngumu. Mwishoni mwa Januari shuka mjini Breckenridge uone mashindano ya kuchonga sanamu za theluji: timu za nchi mbalimbali hupewa bonge kubwa la theluji kila moja, na vifaa vya mkono tu, bila mashine.

Aprili saa za kazi hukatika ghafla, hivyo kodi ya mwezi huo iwe imeshawekwa kando Machi. Kama umeahidiwa bonasi ya kumaliza msimu, jua tarehe yake kamili na usiondoke kabla. Piga picha za chumba tupu siku ya kutoka ili amana irudi. Na wape watu wa mishahara anwani ambayo itakuwa yako mwakani, kwa sababu karatasi ya W-2, ya kodi ya mapato ya serikali, hutumwa Januari, na wenzetu wengi huitafuta hadi Aprili wakati imelala kwenye sanduku la nyumba waliyohama Frisco.