Mtoto anapobabuka kwa nepi: sababu, tiba na kinga

Ngozi ya mtoto hubabuka inapokaa muda mrefu na mkojo na kinyesi, kwa kuwa unyevu huilainisha, kinyesi huichoma na nepi iliyobana huichubua. Anayeharisha hubabuka upesi zaidi. Hapa Dodoma, ambako mitaa mingi hupata maji kwa mgao, si ajabu nepi moja kuachwa mpaka asubuhi, hasa usiku wa baridi na upepo kati ya Juni na Agosti.

Hata hivyo, kikombe kimoja cha maji ya uvuguvugu kinatosha kumsafisha mtoto. Mpanguse kwa pamba au kitambaa laini pasipo kusugua, mkaushe taratibu, kisha mlaze juu ya khanga bila nepi kwa dakika 10 hadi 15, ndani, mbali na vumbi, na urudie hivyo mara kadhaa kwa siku. Baada ya hapo mpake krimu ya zinki au mafuta mazito ya mgando, tabaka nene. Unapobadilisha tena, ondoa sehemu ya krimu iliyochafuka tu. Kuikwangua yote ni kumuumiza bure. Poda iacheni kabisa, maana mtoto huivuta ikaingia mapafuni.

Kabla ya kununua dawa, fungua mikunjo ya mapaja uitazame kwenye mwanga. Mikunjo ikiwa salama huku matako yakiwa yamebabuka, tatizo ni unyevu. Lakini mikunjo yenyewe ikiwa imeiva, nyekundu au nyeusi zaidi kulingana na rangi ya mtoto, na pembeni pametawanyika vipele vidogo vidogo, huenda ni fangasi, ambao mara nyingi hufuata matumizi ya antibayotiki na hutibiwa kwa krimu ya klotrimazoli. Nawasihi wazazi wasinunue krimu za mchanganyiko zenye steroidi (dawa kali za kutuliza uvimbe na mwasho) bila ushauri wa daktari: hutuliza haraka, lakini huidhoofisha ngozi changa, na ndani ya nepi dawa hupenya zaidi.

Mpeleke zahanati asipopata nafuu ndani ya siku tatu, au mapema zaidi akiwa na homa, malengelenge au usaha.

Ili hali hiyo isijirudie, mbadilishe kila anapojisaidia na umpake mafuta kabla ya kulala. Nepi za kitambaa zilizofuliwa kwa maji ya kisima yenye chumvi zisuuzwe mpaka utelezi wa sabuni uishe, kisha zianikwe juani zikauke kabisa.