Chemsha marekani kabla ya kuitia rangi

Wanaotia rangi vitambaa vya pamba hapa Mwanza mara nyingi huilaumu rangi inapotoka na mabaka, ilhali kosa huwa limetangulia: marekani mpya, yaani kitambaa cha pamba ambacho bado hakijapaushwa wala kutiwa rangi, bado ina wanga uliopakwa kwenye nyuzi kiwandani ili zisikatike wakati wa kufumwa, na chini ya wanga huo pamba yenyewe ina nta yake ya asili inayozuia maji kupenya. Loweka kitambaa usiku kucha katika maji ya uvuguvugu ili wanga ulainike, kisha ukichemshe kwa muda wa saa moja pamoja na sabuni kidogo na magadi ya kufulia, kiasi cha gramu 20 kwa kila kilo moja ya kitambaa kikavu. Maji yatageuka rangi ya chai. Hiyo ni nta na uchafu wa pamba vikitoka. Usitumie sufuria ya aluminiamu, kwa maana magadi huila. Ya chuma cha pua au ya enameli inafaa. (Maji ya Ziwa Victoria ni laini, yaani yana chumvichumvi kidogo, kwa hiyo sabuni haipotei bure.) Suuza vizuri, kausha, kisha dondosha tone moja la maji juu ya kitambaa: likizama papo hapo, kiko tayari, likisimama kama ushanga, rudia kuchemsha. Hariri na sufu zisipitishwe katika njia hii, kwa sababu nyuzi zake ni za protini, nazo huharibiwa na magadi yanayochemka.